Kobe haombi rafiki, anaomba nafasi

Mtoto akimwona kobe mmoja peke yake uani, neno la kwanza linalomtoka ni la huruma. Maskini, hana mwenzake! Mama, tumtafutie rafiki wa kucheza naye. Mzazi naye, asipende kuonekana mwenye moyo mgumu, huanza kuulizia ni wapi atampata kobe wa pili. Si ajabu kabla ya mwaka kwisha ua ule ule mdogo ukawa na kobe watatu au wanne, na hapo ndipo mashaka huanza.

Ombi la mtoto ni la upendo, lakini limejengwa juu ya msingi usio wa kweli. Linamchukulia kobe kana kwamba huumwa na upweke kama binadamu. Ukweli ni kwamba kobe wengi waliofugwa pamoja wameumizana, wameambukizana maradhi na hata kufa, si kwa sababu mwenyewe alikuwa mkatili, bali kwa sababu aliwatafutia urafiki ambao hawakuuomba.

Anayezungumziwa hapa ni kobe-sanduku wa Marekani, mmoja wa wanyama wanaofugwa sana manyumbani katika nchi hiyo. Jambo hili si geni kwa familia zetu. Wakenya wengi wanaishi Texas, Georgia, Maryland na Kansas, na katika majimbo hayo yote kobe huyu yupo. Huenda shangazi au binamu yako amekwisha kumkuta akivuka njia karibu na nyumba yake. Kila mwaka wanafunzi wetu pia husafiri kwenda kusoma huko. Na hata kwa asiye na safari, yapo mambo ya kujifunza kuhusu mnyama yeyote tunayemweka nyumbani kwa mapenzi.

Sanduku lenye bawaba

Kobe-sanduku ni mdogo. Gamba la aliyekomaa aghalabu huwa na urefu wa sentimita 11 hadi 16, hivyo unaweza kumbeba kwa viganja viwili. Wengi wana gamba la kahawia lenye madoa au mistari ya manjano, na kila mmoja ana mapambo yake, kama vile watu wasivyofanana alama za vidole.

Jina lake limetokana na gamba la chini, ambalo lina bawaba. Akishtuka, huvuta kichwa, miguu na mkia ndani, kisha hufunga gamba hilo kama mtu afungavyo kifuniko cha sanduku. Mbwa humgeuzageuza mpaka akachoka. Hapa Kenya tuna kobe mwenye bawaba pia, ila yake iko upande wa nyuma wa gamba la juu.

Ijapokuwa hutembea nchi kavu, kobe-sanduku ni wa ukoo wa kobe wa vidimbwi, wala si wa ukoo wa kobe wetu wa nyikani. Ndiyo maana hupenda mahali penye unyevunyevu, majani yaliyooza na kivuli. Majimbo ya North Carolina na Tennessee yamemteua kuwa mtambaazi wao rasmi, nayo Kansas imemteua ndugu yake mwenye mistari ya manjano.

Jambo kubwa zaidi ni umri. Kobe-sanduku kufikisha miaka 30 au 50 si ajabu, na wako waliokadiriwa kupita miaka 100. Kijana wa miaka 20 akimchukua leo, huenda kobe huyo akawa bado anakula minyoo siku kijana yule atakapokuwa na wajukuu.

Porini huishije?

Ili kujua kama kobe anahitaji mwenzake, hatuna budi kutazama anavyoishi akiwa huru. Kwa bahati nzuri, jambo hili lilichunguzwa zamani.

Mwaka wa 1944 mtaalamu mmoja wa kike, Lucille Stickel, alianza kuwafuatilia kobe-sanduku katika msitu wa kituo cha utafiti cha Patuxent, jimbo la Maryland. Aliwatia alama kwenye magamba, akawafuata hatua kwa hatua, akaandika walikokwenda. Bibi huyo baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa kituo hicho.

Aligundua kwamba kila kobe ana mtaa wake ambao hauhami ovyo. Mtaa wa dume ulikuwa na kipenyo cha takriban futi 330, yaani mita 100, nao wa jike ulikuwa na kipenyo cha takriban futi 370. Kwa hesabu tunazozijua sisi, mtaa wa dume ni karibu ekari mbili, au ploti 17 za futi 50 kwa 100. Huo ni mtaa wa mnyama anayeenea viganjani!

Aligundua pia kwamba mitaa hiyo hupandana. Kobe hawa hawakuwekeana mipaka. Jirani alipita kwa jirani bila vita, wakakutana kwenye uyoga au kidimbwi, kisha kila mmoja akaenda zake.

Hapo ndipo penye siri yote. Kobe-sanduku hamchukii mwenzake, wala hamtafuti. Amani yao inatokana na uwezo wa kuachana. Ukiwaweka wanne katika ua wa futi 8, umewaachia kukutana na umewanyang'anya kuachana.

Owen na Mzee walitudanganya?

Baadhi ya wasomaji watauliza: mbona Owen na Mzee walipendana? Kisa hicho kilienea duniani kote kutoka pwani yetu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyeachwa yatima aliokolewa karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park, Mombasa. Huko alimganda kobe mkubwa mzee wa aina ya Aldabra, akawa halali wala hatembei ila ubavuni pake.

Lakini tukitazame kisa hicho vizuri. Aliyetafuta mwenzake alikuwa kiboko, si kobe. Mwanzoni Mzee alijaribu kumkwepa mgeni yule, ndipo baadaye akamzoea. Kiboko ni mnyama anayenyonyeshwa na kulelewa na mama, na upweke kwake ni hatari. Baadaye Owen alihamishiwa kwa kiboko mwenzake aitwaye Cleo.

Kobe-sanduku hana malezi ya namna hiyo. Mama huchimba shimo, hutaga, hufukia na kuondoka. Mtoto huanguliwa asimwone mama wala ndugu, na miaka yake ya kwanza huipitisha amejificha chini ya majani. Tangu siku ya kwanza ameumbwa kuishi kwa akili yake mwenyewe. Kumwita mpweke ni kumvisha nguo yetu sisi.

Mafahali wawili na zizi moja

Hata hivyo, wako wanaowafuga kobe-sanduku pamoja uani kwa miaka mingi na mambo yakaenda vyema. Tofauti yao na wengine ni kwamba wamejua nani wa kuwekwa na nani.

Kwanza lazima umjue dume na jike. Dume mara nyingi ana macho mekundu, mkia mnene zaidi na gamba la chini lililobonyea kama sahani. Kucha zake za nyuma ni nene na zimepinda. Jike huwa na macho ya kahawia, mkia mfupi na gamba la chini lililo bapa. Dalili hizi hazilingani kwa kila aina, kwa hiyo ni vyema kuzitazama zote pamoja badala ya kutegemea rangi ya macho peke yake.

Wahenga hawakukosea waliposema mafahali wawili hawakai zizi moja. Madume wawili wakiwa na jike kati yao watasukumana, wataumana miguu na shingo, na mwenye nguvu atampindua mwenzake chali. Kobe aliyepinduliwa juani asipoweza kujigeuza anaweza kufa kwa joto.

Dume mmoja na jike mmoja nao si jozi njema, ingawa ndio picha tunayoipenda ya bwana na bibi. Dume anapotaka kupanda humzunguka jike, humuuma kingo za gamba na kumgonga. Porini jike huondoka akaenda zake. Uani hana pa kwenda, na dume humrudia kila siku. Jike wa namna hiyo huacha kula, hujificha mchana kutwa, na shingo yake huweza kuwa na vidonda.

Kwa sababu hiyo, wafugaji wenye uzoefu hushauri kundi la majike watupu, hasa kwa familia inayoanza. Anayetaka dume amweke kwenye ua wake peke yake, au amchanganye na majike kadhaa katika ua mkubwa wenye maficho mengi, naye awe tayari kumtoa mara tu anapoona dalili za usumbufu.

Ukubwa pia usipishane sana. Mtoto wa kobe asiwekwe na wakubwa, maana atakanyagwa, atanyang'anywa chakula na huenda akaumwa. Wala usichanganye kobe-sanduku na kobe wa nchi nyingine. Anayetoka Asia au Afrika ana vijidudu ambavyo mwili wake umevizoea, lakini kwa mwenzake vikawa sumu.

Kujenga ua

Ua wa futi 4 kwa 8 hutajwa mara nyingi kuwa ndio mwanzo kwa kobe mmoja au wawili. Msomaji asiuchukulie kuwa ndio kipimo cha kutosheka. Kila kobe anapoongezwa, nafasi nayo iongezwe, na ua mrefu wenye kona na vizuizi ni bora kuliko uwanja ulio wazi.

Ukuta waweza kuwa wa mbao, matofali au mawe, bora uwe na kimo cha sentimita 45 au zaidi. Usiwe wa waya unaoonyesha nje. Kobe akiona nje atahangaika kutwa akijaribu kupita, hata pua ichubuke. Kobe-sanduku ni mpandaji hodari kuliko umbo lake linavyoonyesha, hasa kwenye pembe, kwa hiyo funika kila pembe kwa ubao. Ni mchimbaji pia, hivyo ukuta uzame ardhini kiasi cha sentimita 20 hadi 30.

Juu pawekwe wavu wa waya. Huko Marekani kuna mnyama aitwaye rakuni, mwenye vidole vyepesi kama vya tumbili, ambaye huja usiku akamtafuna kobe miguu. Mbwa wa nyumbani naye si wa kuaminiwa, hata akiwa mpole kwa watoto. Kwake gamba ni mfupa wa kuguguna.

Ndani ya ua pawe na jua na kivuli, ili kobe achague mwenyewe. Jua la asubuhi ni muhimu kwani humpasha joto na kumsaidia kutengeneza vitamini D, ambayo mwili huihitaji ili kuimarisha gamba na mifupa. Udongo uwe laini wa kuchimbika, wenye majani makavu mengi juu yake. Weka magogo, vichaka vifupi na vipande vya magome ya miti.

Katika ua wa kundi, vitu hivyo vina kazi kubwa kuliko ya urembo. Kobe mnyonge akiweza kupita nyuma ya gogo asionekane, ugomvi mwingi huishia hapo. Idadi ya maficho izidi idadi ya kobe, na kila ficho liwe na nafasi ya kutokea upande mwingine, mtu asije akazibiwa ndani.

Maji yawe kwenye chombo kipana kisicho na kina, yasimpite kobe kidevu, na pawe na mteremko wa kutokea. Watakunywa humo, wataoga humo na watajisaidia humo. Kwa hiyo yabadilishwe kila siku.

Pale penye majira ya baridi kali, kobe hawa huchimba na kulala ardhini miezi kadhaa bila kula. Kobe mgonjwa au aliyekonda asiachwe alale hivyo, kwani huenda asiamke. Ua usiwe mahali panapotuama maji, na majani makavu yarundikwe kwa wingi kabla ya baridi kuanza.

Sahani moja haitoshi

Kobe-sanduku hula karibu kila kitu. Hupenda minyoo, konokono, wadudu, uyoga, matunda kama stroberi, na mboga. Porini hula hata uyoga ulio na sumu kwa binadamu bila kudhurika. Anapokuwa nyumbani apewe vyakula mchanganyiko. Anayelishwa kitu kimoja kila siku huweza kupungukiwa na vitamini A, macho yakavimba na usaha ukajaa masikioni. Maganda ya mayai yaliyosagwa humpa kalisiamu.

Katika kundi, kosa linalofanyika mara nyingi ni kuweka sahani moja katikati ya ua ili waonekane wakila pamoja. Picha ni nzuri, lakini mwenye nguvu hushiba na mnyonge hungoja. Weka chakula mahali pengi, pasipoonana, na pawe zaidi ya idadi ya kobe wenyewe.

Kobe hapigi kelele akinyanyaswa. Halii wala hachechemei mbele yako. Njia ya kumjua ni kumpima. Nunua mizani ya jikoni, mpime kila mmoja mara moja kwa mwezi na uandike kwenye daftari. Kazi hii inamfaa sana mtoto wa shule. Kobe mmoja akiendelea kupungua huku wenzake wakiongezeka, daftari limekwisha kusema ambalo yeye hawezi kulisema.

Ziko dalili nyingine pia: anayejificha daima hata wakati wa chakula, anayetembea ukutani kutwa kama mfungwa, na mwenye majeraha shingoni, miguuni au kwenye kingo za gamba. Ukiona mojawapo, mtenge siku hiyo hiyo. Usingoje wapatane.

Mgeni huyu si wa siku mbili

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kobe methali hiyo haifai. Kobe mpya apewe ua wake, vyombo vyake na maji yake, mbali na wenyeji, kwa miezi 3 hadi 6. Wengine hukaa hata mwaka mzima.

Sababu ni maradhi. Kuna ranavirusi, ambayo imewaua kobe-sanduku hata wale walioko porini Maryland. Kuna vijidudu vya mfumo wa kupumua vinavyoleta kamasi na uvimbe wa macho, navyo vyaweza kukaa mwilini muda mrefu bila kuonyesha dalili. Kobe anaweza kuonekana mzima akiwa amebeba kifo cha kundi zima.

Katika kipindi hicho daktari wa wanyama amchunguze na kupima kinyesi chake kwa ajili ya minyoo. Unapowahudumia, anza na wenyeji, umalizie na mgeni, kisha unawe mikono. Kufanya kinyume ni kumsaidia mdudu kuvuka ua.

Mayai yanapotokea

Familia nyingi hushangaa kumkuta jike akichimba shimo ilhali hajakaa na dume kwa miaka. Si muujiza. Jike wa kobe-sanduku anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini na kutaga mayai yenye uhai hata miaka minne baada ya kukutana naye.

Kwa kawaida hutaga mayai machache tu, aghalabu matatu hadi sita kwa mara moja, nayo huchukua kati ya miezi miwili na mitatu kuanguliwa. Joto la udongo ndilo linaloamua jinsia. Pakiwa na ubaridi wengi huwa madume, na joto likizidi wengi huwa majike.

Furaha ya kuona watoto ni kubwa, lakini swali linalofuata ni gumu: watakwenda wapi? Kila mmoja huenda akaishi miaka 50. Kuwaachilia porini ni vibaya, kwa sababu waliolelewa nyumbani wanaweza kupeleka maradhi ya uani kwa wenzao wa msituni. Mwenye kundi la majike watupu asijidanganye basi kwamba hatapata mayai, wala mwenye dume asisingizie bahati.

Unawe mikono

Kobe anaweza kubeba bakteria ya salmonela bila yeye mwenyewe kuugua. Kwa binadamu huleta homa, tumbo kuuma na kuhara, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Kutokana na hatari hiyo, tangu mwaka wa 1975 serikali ya Marekani imepiga marufuku uuzaji wa kobe wa kufugwa ambao magamba yao hayajafika inchi 4, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia mdomoni.

Kanuni ni nyepesi. Kila anayemgusa kobe au maji yake anawe kwa sabuni. Vyombo vya kobe visioshwe kwenye sinki la jikoni. Mtoto asiyeelewa asiachwe peke yake uani.

Msituni wanapungua

Yote haya yana uzito kwa sababu kobe hawa hawazaani haraka. Jike huchukua miaka mingi kukomaa, hutaga mayai machache, na watoto wengi huliwa wakiwa wachanga. Hesabu yao husimama juu ya mtu mzima anayeishi miaka mingi. Ukimtoa jike mmoja msituni, umetoa mayai ya miaka 40 au 50.

Katika msitu ule ule wa Bibi Stickel hesabu iliendelea kufanywa kila baada ya miaka kumi. Ilipofika mwaka wa 1995, idadi ya kobe ilikuwa imeshuka sana, ingawa msitu wenyewe ulikuwa ukilindwa. Mwaka wa 1994 mataifa yaliyo katika mkataba wa CITES yaliamua biashara ya kimataifa ya kobe-sanduku idhibitiwe, baada ya maelfu yao kusafirishwa ng'ambo kuuzwa. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza kumchukua porini, na kila jimbo lina sheria zake.

Kwa hiyo ndugu yetu aliyeko Texas au Georgia akimkuta kobe barabarani, asimpeleke nyumbani kwa watoto. Amvushe upande ule ule aliokuwa akielekea, kama njia ni salama, na amwache. Asimpeleke kwenye bustani nzuri ya mbali, kwa sababu kobe-sanduku anayehamishwa hutangatanga akitafuta mtaa wake, na wengi huangamia njiani. Anayetaka kumfuga kwa dhati aulize sheria ya jimbo lake, kisha aende kwa vikundi vinavyopokea kobe waliotelekezwa. Hao wako wengi, kwa sababu wengi waliowanunua hawakuhesabu miaka.

Na hapa kwetu?

Wapo wanaosoma haya na kuwaza juu ya kobe wa shambani kwa babu. Ni vyema ieleweke kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Kobe ni mnyamapori kama swara. Ukimkuta uani mwako au akiuzwa kando ya barabara, mahali pa kupeleka habari ni ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Kumnunua ili umwokoe ni kumpa muuzaji nauli ya kurudi porini kuleta mwingine.

Kobe wetu wa majabali, yule bapa kama chapati anayejipenyeza kwenye nyufa za mawe, ametafutwa sana na wafugaji wa ng'ambo. Mwaka wa 2019 CITES ilimwingiza katika orodha yake ya ulinzi mkali kuliko zote.

Familia inayotaka watoto wake wawajue kobe haikosi njia. Haller Park ipo Mombasa, na hapo mtoto atamwona kobe mkubwa kwa macho yake. Atazame anavyotembea, anavyochagua kivuli, na anavyompita mwenzake bila hata kumgeukia. Mzazi asiharakishe kumweleza kwamba wamekosana. Hawakukosana. Kila mmoja ana safari yake, na nafasi ya kuifanya.